Mashuhuda walipokuwa ndio watuhumiwa: uchambuzi wa habari moja ya mauaji ya "kibaka"

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu dawati la habari la gazeti moja la Kiswahili nchini Tanzania, lenye toleo la karatasi na ukurasa wa mtandaoni. Jina la gazeti, jiji, mtaa, marehemu na wote waliohusika yameondolewa. Vichwa vya habari vimebadilishwa maneno machache ili visitafutike, lakini muundo wa sentensi umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu muundo huo ndio unaochunguzwa hapa.

Usuli

Habari za watu kuuawa kwa tuhuma za wizi zimezoeleka kiasi cha kuwa na lugha yake maalumu. Msomaji anaijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza: kuna kibaka au jambazi, kuna wananchi wenye hasira kali, kuna kipigo, mara nyingi kuna moto, na mwishoni kuna Kamanda wa Polisi anayewataka wananchi waache kujichukulia sheria mkononi. Kenya maneno ni tofauti kidogo, "wakazi wenye ghadhabu" ama "umati wenye hasira", ila mtiririko ni uleule. Magazeti ya udaku yameongeza mzaha juu yake: kibaka "achezea kichapo", kibaka "akiona cha moto", huku mwili wa mtu umeungua kwelikweli.

Kisheria jambo hili halina utata. Kumpiga mtu hadi afe kwa makusudi ni kosa la mauaji chini ya kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungu cha 23 kinawabana wote walioshirikiana katika nia moja, hata kama pigo la mwisho lilitoka kwa mmoja. Katiba, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitika, na Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi. Wizi wa simu hauna adhabu ya kifo mahali popote katika Kanuni ya Adhabu.

Dawati lenyewe lilikuwa na mhariri wa habari, mhariri wa mtandao, msanifu kurasa, na waandishi wa kujitegemea wanaolipwa kwa kila habari inayotoka. Mwongozo wao wa uandishi ulikuwa na kanuni moja kuhusu uhalifu: asiyetiwa hatiani aandikwe "mtuhumiwa" au "anayedaiwa". Haukusema chochote kuhusu mtu ambaye hatafikishwa mahakamani kamwe kwa kuwa ameshauawa. Pengo hilo ndilo chimbuko la mengi yaliyofuata.

Mfululizo wa matukio

Siku ya kwanza, yapata saa mbili usiku, mwandishi wa kujitegemea alipokea picha kwa WhatsApp: mtu amelala chini, moshi, miguu ya watu wamemzunguka. Alifika mtaani polisi wakiwa wameshauchukua mwili. Aliongea na watu watatu waliokuwa bado wamesimama pale. Wote walisema jambo moja, kwamba kijana alikutwa akiiba simu dirishani, zikapigwa kelele za mwizi, watu wakakusanyika. Kamanda wa Mkoa hakupokea simu. Ofisa wa zamu kituoni alithibitisha kwamba mtu ameuawa, hakuongeza neno.

Saa tatu na robo habari ilikuwa mtandaoni kwa kichwa hiki: *Kibaka auawa na wananchi wenye hasira kali akiiba simu.* Aya ya kwanza ilisema kwamba mtu mmoja ambaye jina lake halikufahamika mara moja, anayedaiwa kuwa kibaka, ameuawa kwa kupigwa na kuchomwa moto na wananchi wenye hasira kali baada ya kukutwa akiiba simu. Picha iliwekwa, uso ukiwa umefifishwa.

Siku ya pili Kamanda alizungumza na waandishi na kutumia maneno hayohayo, "wananchi wenye hasira kali" yakiwamo. Gazeti likachapisha aya nne kwenye ukurasa wa ndani. Jioni yake familia iliutambua mwili mochwari.

Siku ya tatu ndugu wawili walifika ofisini. Walikuja na kitambulisho cha taifa (NIDA) cha marehemu, barua ya karakana aliyofanyia kazi, na daftari lake la kazi. Marehemu alikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Katika daftari kulikuwa na jina la mteja wa mtaa ule, vipimo vya madirisha mawili, malipo ya awali, na salio ambalo halikufutwa. Ndugu walisema alikwenda kudai salio, wakazozana, na aliyedaiwa akapiga kelele za mwizi. Hakuna aliyelithibitishia gazeti dai hilo wakati huo. Mchana, bila maelezo yoyote kwa msomaji, neno "Kibaka" kwenye kichwa cha mtandaoni lilibadilishwa kuwa "Mtu".

Siku ya nne ilitoka habari ya pili, safari hii ukurasa wa mbele: *Fundi asiye na hatia auawa kwa kufananishwa na kibaka.*

Siku ya sita mhariri wa habari alimtuma mwandishi mwingine, mzoefu, arudi kituoni na swali moja tu: wizi wa simu usiku ule uliripotiwa kwa RB (namba ya taarifa inayofunguliwa kituo cha polisi) namba ngapi? Hakukuwa na RB ya wizi. Hakuna mwenye simu aliyejitokeza, na simu yenyewe haikukabidhiwa polisi. Mwandishi huyo aligundua jambo jingine kwa kumuuliza mjumbe wa mtaa: mmoja wa mashuhuda watatu walionukuliwa siku ya kwanza alikuwa mpangaji katika nyumba ya yule mteja anayetajwa kwenye daftari.

Siku ya nane gazeti lilichapisha masahihisho.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kutumia "kibaka" kwenye kichwa ulifanywa na mhariri wa mtandao kwa sababu ya nafasi. Kichwa kirefu cha mtandaoni hukatwa kwenye simu, na "anayedaiwa kuwa kibaka" lingekula sehemu kubwa yake. Aliamini kwamba tahadhari iliyomo katika aya ya kwanza inatosha. Imani hii imeenea sana vyumba vya habari, nayo ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa wengi hawafungui habari. Husoma kichwa, hutazama picha, hutuma kwenye kundi la WhatsApp.

"Wananchi wenye hasira kali" haukuwa uamuzi wa mtu. Maneno yalitoka kwenye mazoea ya mwandishi, yakapita kwa wahariri wawili, na Kamanda alipoyarudia kesho yake yakaonekana yamethibitishwa.

Kubadilisha kichwa kimyakimya kulikuwa uamuzi wa makusudi. Mhariri wa habari alihofia kwamba kutangaza kosa kabla ya kupata ukweli kamili kungekuwa kosa la pili, hoja yenye uzito. Lakini kulikuwa na njia ya tatu ambayo haikufikiriwa: kuweka mstari mmoja juu ya habari unaosema kwamba neno limeondolewa kwa sababu gazeti halina ushahidi wa kulitumia. Mstari huo haudai kujua nini kilitokea. Unasema tu kwamba gazeti halijui lile lililodai kujua.

Ukurasa wa mbele siku ya nne ulichaguliwa kwa nia njema. Dawati liliona aibu na lilitaka kuirudishia familia heshima. Nia hiyo haikuizuia habari ya pili kuwa na kasoro kubwa kuliko ya kwanza, kama tutakavyoona.

Matokeo

Kichwa cha kwanza kilikuwa kimeshanakiliwa na kurasa nyingine kabla ya saa sita usiku ileile, na picha za skrini ziliendelea kuzunguka baada ya mabadiliko. Familia ilisema baadhi ya majirani hawakuhudhuria msiba na watoto wa marehemu waliitwa watoto wa mwizi shuleni. Watu wanne walikamatwa wiki ya pili, wakaachiwa upelelezi ukiendelea. Gazeti halikuandika tena kuhusu upelelezi huo kwa miezi mitatu. Wahariri walipouliza, waliambiwa jalada bado liko kwa mpelelezi.

Uchambuzi

*Sentensi iliyojihami mahali pasipohitajika*

Tuitazame tena aya ya kwanza. "Anayedaiwa kuwa kibaka" ina tahadhari. Mbele kidogo, "baada ya kukutwa akiiba simu" haina. Kiambishi *-ki-* katika "akiiba" kinaeleza kitendo kinachotendeka mbele ya macho ya mtu, na "kukutwa" kunamaanisha kuna aliyeona. Kwa hiyo sentensi moja inasita kumwita mtu kibaka na papo hapo inathibitisha kwamba aliiba. Msomaji hubaki na kile kilichothibitishwa. Kasoro hii iko kila siku kwenye habari za polisi, na haionekani kwa sababu mhariri anatafuta neno "anadaiwa", akiliona mahali popote anaridhika na kuendelea. Inabidi kukagua kila kitenzi kinachobeba tuhuma, kimoja kimoja.

Hata "anayedaiwa" lenyewe lina tatizo. Anadaiwa na nani? Kauli ya kutendwa inamficha mdai. Katika habari nyingi za jinai kumficha hakudhuru sana, maana mdai ni polisi au upande wa mashtaka na msomaji anajua. Hapa mdai ni tofauti kabisa.

*Nani alisema aliiba?*

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Mtu anapouawa na kundi, habari kwamba alikuwa mwizi hutoka kwa waliokuwapo. Baadhi yao walitazama tu. Wengine walipiga, walileta tairi au mafuta, au walipiga kelele za kwanza. Mwandishi anayefika baada ya nusu saa hana namna ya kuwatofautisha, na wote ana jina moja la kuwaita: mashuhuda. Kumbe kwa upande wa sheria baadhi yao ni watuhumiwa wa mauaji, na maneno "alikuwa anaiba" ni utetezi wao. Gazeti lililoandika "alikutwa akiiba" lilichukua utetezi wa watuhumiwa, likaondoa jina la msemaji, likauchapisha kama tukio. Anayeweza kuukanusha ni mmoja, naye yuko mochwari.

Linganisha na mauaji ya aina nyingine. Mume akimuua mkewe kisha akasema alimfumania, mhariri makini ataandika kwamba mume *anadai* hivyo. Tahadhari hiyohiyo hupotea muuaji anapokuwa kundi, kwa sababu kundi halionekani kama mtu mwenye maslahi. Mpangaji yule wa nyumba ya mteja alikuwa na maslahi, na mwandishi angemjua kwa kuuliza swali moja zaidi: unaishi wapi?

*Wananchi, na hasira yao*

"Mwananchi" ni neno la heshima. Lina maana ya mtu wa hapa, mwenzetu. Likitumika kwa waliopiga pekee, aliyepigwa hutolewa nje ya jamii, ingawa fundi yule naye alikuwa mwananchi mwenye kitambulisho cha taifa. "Hasira kali" inafanya kazi nyingine: hasira huulizwa sababu, na sababu imeshatolewa kwenye sentensi, ni wizi. Tendo likawa limeelezeka kabla msomaji hajajiuliza kama linaelezeka. Tena hakuna mwandishi aliyepima hasira ya mtu usiku ule. Walikuwapo waliocheka na waliopiga picha. Hasira ni dhana ya mwandishi iliyoandikwa kama taarifa.

Wito wa kutojichukulia sheria mkononi unakwenda njia hiyohiyo. Unasikika kama kwamba kilichochukuliwa ni sheria, isipokuwa wamechukua wasiostahili. Kilichofanyika kinaitwa mauaji, na neno hilo halikuwamo popote katika habari ya kwanza isipokuwa ndani ya kitenzi "ameuawa".

*Habari ya pili: "asiye na hatia" na "kufananishwa"*

Wengi watasema habari ya siku ya nne ilirekebisha mambo. Mtazamo wa uchambuzi huu ni kinyume. "Auawa kwa kufananishwa na kibaka" inasema kosa lilikuwa la utambuzi: walimkosea mtu. Inadokeza kwamba wangempata kibaka mwenyewe, ingekuwa sawa. Kadhalika "asiye na hatia" na lile neno jingine lililozoeleka, "kimakosa". Anayeuawa kimakosa anamfanya mwingine awe wa kuuawa kwa usahihi. Habari iliyokusudiwa kumsafisha mtu mmoja ilithibitisha kanuni iliyomuua.

Kulikuwa na kasoro ya pili, ya ushahidi. Siku ya nne gazeti halikuwa limethibitisha deni wala ugomvi. Lilikuwa na daftari na maneno ya ndugu wenye uchungu. Lilihama kutoka kuamini upande mmoja bila kuuliza hadi kuamini mwingine bila kuuliza. Kumtetea marehemu hakukuhitaji hata kidogo kuthibitisha kwamba alikuwa mwema. Kama angekuwa ameiba simu kweli, sentensi sahihi ingebaki ileile: mtu ameuawa, polisi wanawatafuta waliomuua.

Tukio la Oktoba 2016 katika Wilaya ya Chamwino, Dodoma, linaonyesha jambo hili kwa upande mwingine. Watumishi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliokuwa wakichukua sampuli za udongo, waliuawa kijijini baada ya kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Waliandikwa watafiti. Walikuwa na gari la serikali, barua za kazi na mwajiri wa kuwasemea. Fundi wa aluminiamu alikuwa na barua ya karakana na daftari, ila vilifika ofisini siku mbili baada ya kichwa cha habari. Tofauti ya lugha ilitokana na nani aliwahi kusemewa.

*Kilichofaa*

Swali la RB lilikuwa hatua bora kuliko zote katika kisa hiki. Ni rahisi, halihitaji chanzo cha siri, na jibu lake linaandikika. Masahihisho ya siku ya nane nayo yalikuwa mazuri kwa muundo: yalirudia kichwa cha awali neno kwa neno ili msomaji aliyekiona ajue ni habari gani, yakataja maneno matatu yaliyokosewa na sababu ya kila moja, hayakusema lolote kuhusu tabia ya marehemu. Udhaifu wake ni mahali. Yaliwekwa ukurasa wa ndani, na mtandaoni yaliwekwa kama habari mpya badala ya kubandikwa juu ya habari ya zamani, kwa hiyo aliyefika kupitia kiungo kilichonakiliwa hakuyaona.

Utaratibu uliopitishwa baadaye

Dawati lilikubaliana kwamba tuhuma dhidi ya marehemu haiingii kwenye kichwa wala kwenye maelezo ya picha, kwa sababu hapo hakuna nafasi ya kumtaja msemaji. Ndani ya habari tuhuma inaingia kuanzia aya ya pili, ikiwa na msemaji na uhusiano wake na tukio. Mwandishi anaandika kwenye daftari lake, hata kama hatachapisha, shuhuda anaishi wapi, alikuwa umbali gani, na aliona wizi au alisikia kelele tu. Hili la mwisho ndilo linalobadilisha habari nyingi: wengi wanaosema "alikuwa anaiba" walisikia neno "mwizi" likipigwa kelele, hawakuona kitu.

Kabla ya kuchapisha, maswali matatu hupigiwa simu kituoni: wizi una RB? Mwenye mali amejitokeza? Yuko aliyekamatwa kwa mauaji? Jibu likiwa "bado", linaandikwa hivyohivyo. Idadi ya washambuliaji hukadiriwa na chanzo hutajwa. Neno la kuwaita ni "kundi la watu". "Genge" lilikataliwa, maana linadai mpango ambao haujathibitishwa, na huo nao ni upendeleo, umegeuzwa upande tu.

Habari ya siku ya kwanza, ikiandikwa kwa utaratibu huu, ingekuwa hivi:

> Mtu mmoja ambaye jina lake halijafahamika ameuawa leo saa mbili usiku baada ya kundi la watu kumpiga na kumchoma moto. Wakazi watatu waliozungumza na gazeti hili, mmoja akiwa mpangaji wa nyumba iliyo karibu na tukio, walisema walisikia kelele za mwizi na kwamba mtu huyo alituhumiwa kuiba simu. Hadi tunachapisha, hakuna aliyejitokeza kudai simu na polisi hawajasema kama kuna aliyekamatwa kwa mauaji hayo.

Maneno hayajazidi sana ya awali, na hayakuhitaji siku sita. Yote yangepatikana usiku uleule.

Mambo mawili yalibaki bila jibu zuri. La kwanza ni taarifa za polisi zinazosomwa redioni moja kwa moja. Gazeti linaweza kunukuu "wananchi wenye hasira kali" ndani ya alama za kunukuu na kumtaja Kamanda, lakini mtangazaji hana alama za kunukuu mdomoni. Wenzao wa redio waliamua kusoma taarifa kwa kauli ya taarifa, "Kamanda amesema kwamba kundi la watu…", badala ya kuisoma kama ilivyoandikwa, na baadhi ya vituo vya polisi havikufurahia.

La pili ni kumbukumbu za mtandaoni. Utafutaji wa neno "kibaka" pamoja na "auawa" kwenye ukurasa wa gazeti hilo ulileta habari za miaka mingi, nyingi zikiwa na picha, baadhi zikiwa na majina kamili ya watu ambao hawakuwahi kushtakiwa kwa lolote. Mhariri wa mtandao alianza na zile zenye majina: anaondoa neno kwenye kichwa, anaondoa picha, anaweka juu mstari wa tarehe na sababu ya mabadiliko. Anafanya kadhaa kila Ijumaa jioni, toleo la wikiendi likishafungwa.